Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Okidi Zetu Kutolewa Kwenye Udongo

Ndugu wanachama, nawasalimu wote. Shughuli za kawaida mnazijua, vikao vimefanyika, maonyesho yamefanyika, miche tumegawana, vifaa vipo, na hesabu atazisoma mweka hazina, kwa hiyo huko sikai. Nataka niongelee lile lililosemwa mwaka mzima pembeni na kwenye grupu, yaani uamuzi wa kuzitoa okidi za chama, hii mimea yetu ya maua, kwenye udongo, kuzifunga kwenye magogo na magome, na kuacha kumwagilia kila siku.

Kuna waliosema mwenyekiti kaamua peke yake. Si kweli. Hoja niliileta mimi na najivunia, lakini iliingia kwenye ajenda ya kikao halali, kikaahirishwa kwa sababu akidi haikutimia, tukaitisha tena, waliokuja wakapiga kura. Sasa mtu hakuja mara zote mbili halafu anaandika usiku kwamba hakushirikishwa, jamani, tungemshirikisha vipi?

Sababu yenyewe ni hii. Duniani kuna spishi kama 28,000 za okidi, na karibu asilimia 70 haziishi ardhini, zinaota juu ya miti, na nyingi ni za misitu ya mvua ya tropiki. Hazinyonyi mti, hilo tuliache kabisa, zinaushikilia tu, chakula zinajitengenezea zenyewe na madini zinayapata kwenye mvua na majani makavu yaliyonasa kwenye matawi. Chini ya msitu mnene mwanga unaofika ni asilimia 1 au 2 hivi, ndiyo maana kuishi juu kuna faida. Ila watu wakisikia msitu wa mvua wanadhani mmea unashinda umelowa, kumbe pale tawini mvua ikikatika maji yanateremka yote, jua na upepo vinakausha gome mapema tu, kwa hiyo okidi ya juu ya mti kiu inaijua vizuri sana.

Tazameni mzizi wake. Umevikwa tabaka jeupe la seli zilizokufa, linaitwa velameni, linafyonza maji haraka kabla hayajapotea. Upulizie maji mzizi mkavu wa okidi ya aina ya Phalaenopsis, ile rangi ya fedha inageuka kijani unaona, kwa sababu tabaka likilowa mwanga unapenya na kijani cha ndani kinaonekana, na mzizi huo nao unatengeneza chakula kama jani. Mzizi wa namna hiyo ukiufukia kwenye udongo unaoshika maji unakosa hewa. Tulipong'oa zile za kwenye vyungu mizizi ilikuwa ya kahawia, ukiivuta kidogo ganda linachomoka linabaki uzi mtupu mkononi. Waliokuwepo waliona. Wanaosema tumeziua hawakuwepo.

Na yale mashina yaliyovimba chini ya majani ni akiba ya maji, yakinywea kidogo kipindi cha ukame si ugonjwa, mmea unatumia ghala lake. Okidi nyingine, hiyo Phalaenopsis ikiwemo, hufungua matundu ya majani usiku kuvuta hewa ya ukaa, mchana wa jua kali zinafunga ili maji yasipotee. Okidi za ardhini hatukuzigusa, Ludisia yenye majani meusi imebaki kwenye chungu na kivulini kwa sababu yenyewe kwao ni sakafu ya msitu. Kwa hiyo tusiambiwe tumefanya kwa kukurupuka.

Jingine fupi. Kuna waliotaka tukachume porini kwa kuwa eti okidi zina mbegu nyingi zitaota nyingine. Tunda moja la baadhi ya spishi lina mbegu zaidi ya milioni, ni kweli, ila ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, bila kukutana na kuvu anayefaa mbegu haioti msituni, na nyingi mno hazikutani naye. Ukichukua mmea mkubwa mmoja umechukua bahati ya miaka. Tena okidi zote zimo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Nilikataa, na nikiulizwa tena nitakataa.

Ada sasa. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa, na wengi wa hao ndio wasemaji wakubwa kwenye grupu. Magogo, kamba na neti ya kivuli vilinunuliwa kwa michango ya wachache, na mimi nimo. Inaumiza sana.

Mwakani tunatarajia, hali ikiruhusu, tuanze kuotesha mbegu wenyewe kwenye chupa kwa sukari na madini bila kuvu, njia aliyoionyesha mtaalamu wa mimea wa Marekani, Lewis Knudson, mwaka 1922. Lini na wapi kamati itaangalia. Kikao kijacho kuna uchaguzi, na kwa katiba yetu asiyelipa ada hapigi kura, kwa hiyo muoneni mweka hazina kabla ya siku hiyo.