Usingoje bendi

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipata, na pale uliposema nyimbo zako umeziweka kando mpaka upate mpiga ngoma, mpiga besi na pesa za studio, niliona nisichelewe kukujibu.

Tafuta albamu ya J.S. Ondara iitwayo Tales of America, ya mwaka 2019. Ondara ni kijana wa Nairobi. Amekulia huko akisikiliza bendi za roki kama Nirvana na Radiohead na akiandika mashairi, lakini gitaa hakuwa nalo, kwao hawakuwa na uwezo wa kulinunua. Siku moja alibishana na mwenzake kuhusu Knockin' on Heaven's Door, yeye akishikilia kwamba ni wimbo wa Guns N' Roses. Wakawekeana dau, akashindwa: mtunzi ni Bob Dylan. Basi akaanza kumsaka huyo Dylan, na alipomsikiliza hakurudi nyuma tena. Mwaka 2013, baada ya kubahatika katika bahati nasibu ya viza, alihamia Minneapolis, Marekani, katika jimbo lile lile la Minnesota alikozaliwa Dylan. Huko ndiko alikojifundisha gitaa, akiwa mtu mzima tayari. Wewe la kwako unalo tangu shule ya upili.

Sasa sikiliza jinsi albamu yenyewe ilivyo. Wanamuziki wengine wamo, ila wamekaa nyuma. Kinachobeba nyimbo ni gitaa kavu na sauti yake nyembamba, inayopanda mpaka unadhani itakatika, isikatike. Katika Turkish Bandana hata gitaa ameliweka chini. Anaimba yeye tu, hakuna ala yoyote, na akifika mwisho wa mstari unasikia anavyovuta pumzi kabla ya kuingia mstari wa pili. Mimi nikifika hapo huacha ninachofanya. Hebu niambie, ngoma ingewekwa wapi?

Kisha ngoja ufike God Bless America. Jina hilo Wamarekani wanalijua kwa wimbo wao wa kizalendo, lakini huu ni wake mwenyewe: mgeni anasimama mlangoni akiiuliza nchi kama itamruhusu kuingia au imeshajaa. Hapazi sauti, halaumu. Anauliza tu, kwa upole, na kwa sababu hiyo swali linauma zaidi. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy, katika kundi la Albamu Bora ya Americana, yaani muziki wenye mizizi ya kienyeji ya Marekani. Mwaka 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa ajili ya korona, akatoa nyingine, Folk n' Roll, Vol. 1: Tales of Isolation, na hiyo ni tupu zaidi: mtu, gitaa na harmonika, akiimba habari za kodi ya nyumba na upweke. Ya mwaka 2022 ina bendi kubwa. Ni nzuri, sikatai, ila mimi narudi kwenye zile mbili.

Najua watakuambia mtu mmoja na gitaa ni mambo ya Wazungu. Usiwasikilize. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, huko Kongo, alirekodi wimbo wake Masanga mwaka 1952, gitaa moja kavu mkononi, na vidole vyake vikatosha kuwafunza wapigaji wa Afrika Mashariki nzima. Hatuazimi kitu kwa mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri usiku, matatu zikitulia, funga dirisha, tundika blanketi nzito ukutani nyuma yako na nyingine mlangoni ili sauti isirudi. Simu ya kurekodia iweke karibu na tundu la gitaa lakini isilielekee moja kwa moja, la sivyo besi itavuma na kufunika maneno. Anza na ule wimbo wa nyanya yako na shamba lililouzwa. Ubeti wa tatu usiuguse, uache na makosa yake ya vidole. Ule ubeti naukumbuka kuliko nyimbo nyingi za redioni, na inaniuma kwamba hakuna anayeujua isipokuwa mimi na wewe.

Ukimaliza nitumie usiku huo huo, hata kama ni saa nane. Nitakuwa macho.

Wako akupendaye daima.