Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuiacha fizikia

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mjomba wako. Mama yako amenieleza kwamba umekata shauri kuiacha fizikia, na kwamba kilichokuchosha ni mada ya mwendo. Akanitumia na picha za daftari lako. Nimeona kanuni zimejipanga ukurasa mzima, lakini sikuona hata mchoro mmoja wa kitu kinachokwenda. Kwa kusoma hivyo, yeyote angechoka. Nakuomba usiamue kabla hujaimaliza barua hii.

Anzia hapo hapo mtaani kwenu Ngamiani, Tanga, ambako barabara zinakatana kwa pembemraba. Ukitembea mita 300 kufuata barabara moja, kisha ukakata kona ukaenda mita 400, miguu yako imekwenda mita 700. Huo ni umbali. Kunguru akiruka moja kwa moja kutoka mlangoni kwenu mpaka hapo ulipo, ataruka mita 500 tu, na ni lazima useme ameelekea upande gani. Huo ni uhamisho. Sasa rudi nyumbani kwa njia ile ile: umbali umefika mita 1,400, uhamisho ni sifuri. Usiishangae sifuri hiyo. Inajibu swali jingine kabisa, yaani sasa uko wapi ukilinganisha na ulikoanzia.

Gawanya umbali kwa muda, upate kasi. Gawanya uhamisho kwa muda, upate velositi, ambayo haiachani na mwelekeo wake. Kumbuka pia kwamba hesabu hizo mbili zinakupa wastani tu. Basi la kutoka Tanga kwenda Dar likipita Segera na Chalinze hukata takriban kilomita 350. Likitumia saa 7, wastani wa kasi yake ni kilomita 50 kwa saa, ingawa kuna mahali mshale ulisoma 80 na mahali basi lilisimama abiria wakanunua machungwa.

Hayo mepesi. Wengi hukwama kwenye mchapuko, na nadhani ndiko ulikokwama nawe, kwa sababu unauchukulia mchapuko kuwa ni kwenda mbio. Mchapuko ni kiasi ambacho velositi inabadilika kwa kila sekunde. Basi linalokwenda 80 bila kupungua wala kuongezeka, kwenye barabara iliyonyooka, lina mchapuko sifuri. Baiskeli inayoanza kuondoka pale dukani inakwenda polepole, lakini ina mchapuko. Na bodaboda anayekata kona kwa kasi ile ile ana mchapuko pia, hata kama mshale wake haukutikisika, kwa kuwa mwelekeo umebadilika.

Tazama nazi ikidondoka kutoka kwenye mnazi mrefu. Tuuache kando ukinzani wa hewa. Kila sekunde inayopita, velositi yake inaongezeka kwa mita 9.8 kwa sekunde. Katika sekunde ya kwanza inashuka mita 4.9. Katika sekunde ya pili inashuka mita 14.7, yaani mara tatu ya zile za kwanza. Zikipita sekunde mbili imeshuka karibu mita 20, na inapiga ardhi kwa takriban kilomita 70 kwa saa. Ndiyo maana wazee wanatufukuza chini ya minazi. Sekunde ya tatu ni mara tano, ya nne ni mara saba. Mpangilio huo wa moja, tatu, tano, saba ndio alioueleza Galileo, mwanasayansi wa Italia, katika kitabu chake cha mwaka 1638. Hakuwa na saa ya kupima sekunde vizuri. Alibingirisha tufe kwenye ubao ulioinamishwa ili mwendo upungue, akapima muda kwa kupima uzito wa maji yaliyotiririka kutoka chomboni. Kila nikilifikiria hilo namheshimu upya: kanuni unayoikariri ilitoka kwenye ubao, tufe na maji.

Sasa rusha chungwa juu, wima. Likifika kileleni, velositi yake ni sifuri kwa nukta moja. Mchapuko je? Wengi huandika sifuri, na hapo ndipo alama zinapopotea. Mchapuko bado ni 9.8, kuelekea chini. Ungekuwa sifuri, velositi isingebadilika tena, na chungwa lingebaki linaning'inia hewani.

Kuna hesabu nyingine ambayo ningetaka kila dereva wa bodaboda hapa Tanga aijue. Chukua pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa, karibu mita 14 kwa sekunde. Tuseme breki zinapunguza mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Itasimama baada ya sekunde 2, ikiwa imekwenda mita 14. Ongeza mwendo uwe 100. Sasa inahitaji sekunde 4, na katika sekunde hizo wastani wa kasi nao ni maradufu. Muda mara mbili, wastani mara mbili: umbali wa kusimama unakuwa mita 56, mara nne. Na hapo hatujahesabu mita zinazopita kabla dereva hajaigusa breki. Anayeongeza mwendo maradufu hudhani ameongeza hatari maradufu, na mtoto anayevuka barabara ndiye anayelipa tofauti hiyo.

Jumamosi nitakuja. Kabla sijafika, funga daftari la kanuni, uchukue karatasi tupu. Mchore chungwa mara tatu: linapopanda, likiwa kileleni, na linaposhuka. Kwenye kila chungwa weka mshale wa velositi na mshale wa mchapuko, na pale ambapo mshale haupo, andika sifuri. Usimuulize mtu.

Mjomba wako