Barua kwa baba: habari ya farasi wa pili

Lexington, Kentucky
25 Januari 2026

Kwa baba na mama,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo baba, shikamoo mama. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya alhamdulillahi, hofu na shaka ni kwenu huko nyumbani. Huku baridi imekaza. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini napasua barafu kwenye pipa la maji kwa shoka, na nikirudi magharibi limeshaganda tena.

Kaka alinipigia simu Jumapili akaniuliza swali moja: "Farasi mwingine wa nini, na wewe ulisema unarudi?" Sikuweza kumjibu, simu ina haraka zake. Ndiyo maana nimeketi kuandika, ili baba usomewe taratibu na msomaji asiruke kitu.

Mnajua kwamba yule farasi mzee wa kahawia alikufa mwezi wa Novemba. Alivyokufa sikuwaeleza. Nilimkuta usiku analala na kuinuka, anageuza shingo kutazama ubavu wake kama anayetafuta kilichomuuma. Ni msokoto wa tumbo. Farasi hawezi kutapika, baba. Kitu kikikwama ndani, njia ya kutokea ni moja tu. Huku maji yakiwa baridi sana hawanywi ya kutosha, nao wanakula majani makavu mtindo mmoja, ndiyo yanayowafunga. Nikamtia kamba nikamtembeza mpaka vidole vyangu vya miguu vikafa ganzi. Daktari wa mifugo akaja, akasikiliza ubavu wa kushoto, akahamia wa kulia, kisha akanivisha mimi kile kipimo masikioni nisikilize mwenyewe. Tumbo la farasi mzima halinyamazi, linanguruma kama maji yanayopita chini ya boti. Mle ndani kulikuwa kimya. Upasuaji ni maelfu ya dola, na yeye alikuwa na miaka 27. Karibu na alfajiri nilimwambia daktari amchome sindano. Nilimshika kichwa mpaka mwisho.

Tangu siku ile Subira yuko peke yake. Huyu ndiye jike niliyepewa na wenye shamba ninapofanya kazi, alipoacha kushika mimba. Ukimfunua mdomo wa juu, kwa ndani kuna chale ya rangi ya buluu iliyofifia: herufi L na tarakimu. L ni mwaka wa kuzaliwa, 2008. Farasi wote wa mbio huku huhesabiwa wametimiza mwaka tarehe 1 Januari, hata kama walizaliwa Aprili, kwa hiyo mwezi huu ameingia miaka 18.

Wiki za kwanza alikuwa akiita usiku kucha, anakwenda na kurudi kando ya uzio mpaka akachimba njia kwenye theluji. Sasa ameacha kuita, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Farasi anasinzia wima, lakini usingizi wenyewe hasa hawezi kuupata mpaka alale chini, na hatalala chini asipokuwa na wa kumlindia. Wakiwa wawili au watatu, mmoja husimama wengine wakilala. Subira hana wa kusimama. Kila asubuhi namtazama ubavuni, sioni hata jani moja lililomganda. Nilichoona juzi ni mikwaruzo mbele ya vifundo vya miguu yake. Daktari alipoiona alijua mara moja: anazidiwa na usingizi akiwa wima, magoti yanamwisha nguvu, anaanguka, anashtuka. Nimemtia dawa. Lakini dawa ya kidonda si dawa ya upweke.

Basi hapo ndipo lilipotoka wazo la kununua.

Mwezi huu kulikuwa na mnada wa farasi wa Keeneland, hapa hapa Lexington, ule wa Januari, nami nilikuwa miongoni mwa wanaoongoza farasi wa shamba letu. Farasi anabandikwa namba nyongani kulia na kushoto, anaingizwa ulingoni, dalali anaanza kuimba bei kwa kasi ambayo mpaka leo siifuati vizuri, na baada ya dakika chache mnyama ana mwenyewe mwingine. Wako wanaotoka kwa mamia ya maelfu ya dola. Mama aliwahi kuniuliza kama watu weusi wanahusika na farasi huku. Mama, Derby ya kwanza ya Kentucky, yale mashindano makubwa ya mbio za farasi, mwaka 1875, wapanda farasi walikuwa 15 na 13 kati yao walikuwa weusi, na aliyeshinda, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Baadaye walisukumwa nje ya mchezo, lakini mikono iliyowalea farasi hawa tangu mwanzo ilikuwa kama yetu. Leo ukipita mabandani asubuhi unasikia Kihispania, na Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo.

Pale mnadani mwenzangu mmoja aliniambia kuna farasi aliyehasiwa, miaka minne, mbio zimemshinda, bei dola 1,500. Nilikwenda kumtazama. Baba, ungempenda. Miguu safi, jicho pole, ananyanyua kwato kabla hujamwomba. Zile dola 1,500 ninazo, niliziweka kidogo kidogo tangu Ramadhani iliyopita. Nilirudi nyumbani nimeshaanza kumtafutia jina.

Usiku ule nilikaa nikapiga hesabu. Farasi mmoja anakula kilo 10 hivi za majani makavu kwa siku, na kuanzia Novemba mpaka Aprili nyasi za kutegemea hazipo. Fundi wa kwato kila wiki sita au nane. Meno, chanjo, kipimo cha damu. Bei ya kumnunua ni mlango tu. Lakini hesabu iliyonizuia haikuwa ya dola. Ana miaka minne, na farasi akitunzwa anafika 25, hata 30. Mimi nina 48. Kumtia kamba yule kijana na kumleta hapa ni kusema nitakuwa nimesimama kwenye baridi hii na shoka mkononi nikiwa na miaka 70. Kaka aliliona hilo kabla yangu. Nililala nimemkasirikia, na asubuhi nikajua nimemkasirikia kwa sababu amesema kweli.

Nataka kurudi, baba. Nasema hivi na nimeandika kwa wino.

Lakini Subira naye siwezi kumwacha hivi mpaka afe. Kumuuza akiwa na miaka 18, hazai, hapandwi, ni kumtuma nisikojua. Nimekuwa nikimfikiria Bahati, yule punda wetu. Mwaka 1991, kliniki ya punda pale Lamu ilikuwa na miaka minne tu, mimi naingia sekondari, ukamuuza Radi, punda mwenzake, kwa mtu wa Matondoni ili nipate karo. Hukuniambia, lakini nilijua, kwa sababu shogi mbili za kubebea mizigo zilikuwa zimetundikwa ukutani na moja haikushuka tena. Bahati akasimama pale ukingoni mwa bahari, ameelekeza masikio kule majahazi yanakotokea. Pumba hali. Ukamwekea makuti laini, akayanusa tu. Kisha siku moja ukaja na lile punda kongwe lenye sikio lililochanika, halibebi hata debe moja la mchanga, na watu wa gatini wakakucheka kwamba umenunua mdomo wa kulisha. Siku ya tatu Bahati akala. Nilikuwa na miaka 13, nikaona ni mzaha wa watu wazima. Sasa naelewa ulichokuwa unafanya.

Kwa hiyo nimeamua, nami naomba radhi zenu kabla sijatekeleza. Kijana wa miaka minne simchukui. Nimekwishamwambia mwenzangu, na amepata mnunuzi mwingine, msichana mmoja mwenye shamba na umri wa kuzeeka naye. Shambani kwetu kuna jike wa miaka 22, mgongo umebonyea, jicho moja lina ukungu. Mwenye shamba amekubali nimchukue bila malipo, kwa maandishi, kwamba Subira akitangulia, mwenzake atarudi kwao. Hao wawili wataishi pamoja miaka waliyojaliwa, na mimi nitakuwa huru nikiwa bado na nguvu za kupanda ngazi za nyumba yetu.

Katika zile dola 1,500, mia tano nimeziacha kwa majani na daktari. Elfu moja nimemtumia kaka jana ya boriti na dari ya chumba cha mama, na fundi aanze sasa kabla masika hayajaingia. Mama usikubali akuambie kuta zinasubiri. Zikilowa mwaka mwingine tena hazitabeba.

Ninakwenda kumchukua jike mzee Ijumaa baada ya swala. Na hapa ndipo ninapokuhitaji, baba. Huku wananiambia niwatenganishe na uzio siku kadhaa, wanusane bila kupigana mateke, kisha niwafungulie. Wewe lile punda la sikio lililochanika ulilifunga wapi usiku wa kwanza? Ulilileta mchana au jioni? Nakumbuka ulikaa nao barazani mpaka usiku sana, lakini kilichofanyika sikuona, nililala. Mwambie kaka aandike kila utakachosema, hata kama ni kidogo, anitumie kabla ya Alhamisi.

Wasalimieni wote, mtaa mzima, na bibi mumwambie kanga zake zimo katika mzigo unaokuja. Ramadhani imekaribia, tuombeane.

Wasalaam,
Mwanenu