Mafundi, hivyo vitundu viwili kwenye diski ya breki vina kazi

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi naishi Uyole hapa Mbeya na wiki iliyopita nilikuwa nabadilisha diski za breki za mbele za Corolla yangu mwenyewe nyumbani, kalipa (ile inayobana pedi) nimetoa, pedi nimetoa, diski sasa imeng'ang'ania kwenye habu, pale katikati gurudumu linapofungwa, kama imechomelewa. Ni kutu tu, na kwa mvua na tope la huku wala haishangazi.

Nikamwita kijana wa gereji ya jirani, akaja na nyundo kubwa akaanza kupiga pale pale zinapobana pedi, pa pa pa, gari inacheza juu ya jeki (stendi ya kuegemeza gari hakuna!) mpaka nikamwambia dogo acha, utaniua. Angalia basi, diski ina vitundu viwili vyenye nyuzi za bolti, vile sio urembo. Unapaka mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka habu, unakunywa chai, halafu unafunga bolti mbili za milimita 8, zile za spana ya 12, unakaza huku kidogo na huku kidogo kwa zamu, zinagandamiza habu na kuisukuma diski nje. Ikalia ta! ikatoka yenyewe. Kijana akabaki ananiangalia tu.

Nikasugua habu kwa brashi ya waya maana ukiacha kutu diski mpya inakaa upande, na usukani utatetemeka ukishika breki. Sasa fikiria unashuka mlima Kitonga na breki ya hivyo.

Msomaji wenu, Uyole