Wazee wasiambiwe wakae tu

Mhariri,

Ukurasa wenu wa afya Jumapili iliyopita uliwashauri wazee wenye mifupa dhaifu wanywe maziwa, wale dagaa na wapumzike vya kutosha. Kwa maziwa na dagaa sina ugomvi. Hilo la kupumzika ndilo lililonishikisha kalamu.

Mwaka juzi nilivunjika mguu, nikafungwa hogo wiki nane. Lilipokatwa nikapigwa eksirei: mifupa ya kifundo imepauka, kama picha iliyofifia. Na maziwa nilikunywa kila siku, mama mkwe alisimamia kikombe mpaka kiishe! Nilichokosa ni kuukanyagia ule mguu.

Ndani ya mfupa mgumu zimejichimbia seli zinazopeana habari kwa vijimkono vyembamba. Mfupa usipobeba uzito, seli hizo huzidisha protini iitwayo sklerostini. Hiyo hung'ang'ania kwenye vipokezi vya seli zinazojenga mfupa, palepale ambapo protini za ukoo wa Wnt hufikisha amri ya kujenga. Ukitembea au ukipanda ngazi, sklerostini hupungua na mafundi hurudi kazini. Kalsiamu ya maziwa na dagaa ni saruji tu. Irundike kiwanjani utakavyo, fundi asipoambiwa aanze, ukuta haupandi.

Nguvu ya protini hii ilionekana kwa watu wasiokuwa nayo. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini zimo familia zenye ugonjwa wa kurithi, sklerosteosisi. Mifupa yao haivunjiki kirahisi, lakini pia haiachi kunenepa. Fuvu hubana mishipa ya fahamu, mtu akawa kiziwi, uso ukapooza. Jeni yenye hitilafu inayouleta ilitambuliwa mwaka 2001. Kutokana na ujuzi huo ikaja romosozumabu, dawa ya kuizuia sklerostini, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 2019: hudungwa kila mwezi kwa miezi 12, na aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya mwaka uliopita hapewi.

Bibi wa jirani yangu hasubiri sindano hiyo. Alikuwa akienda gengeni kwa miguu, ila tangu wasome makala yenu wajukuu wamemkataza, nyanya analetewa kibarazani.

Naomba mrekebishe. Aliyevunjika afuate maelekezo ya daktari wake. Huyu anayeweza kutembea, mwacheni akachague nyanya zake mwenyewe.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro