Wakili wa kesi za nyumba apande ngazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limeniumiza, na najua si mimi peke yangu.

Nyumba yetu ipo Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, ya mawe na chokaa, tumeirithi kwa babu. Ukuta wa upande wa kibla tunachangia na jirani. Miaka mitano nyuma jirani alileta mkandarasi, akaibandua lipu ya chokaa akapiga saruji, na juu akaongeza chumba cha zege. Masika ya pili haijesha, ncha za boriti zimelainika kama mkate uliotiwa chai, na ukuta umefanya ufa unaoingia kidole. Mama ikabidi ahame chumba alicholala tangu alipoolewa.

Sheha alitukutanisha. Jirani akasema nyumba ni kongwe, inaoza yenyewe. Tukaenda kwa wakili. Ni mtu mwema, na mirathi anaijua barabara, lakini nyumba hakuja kuiona hata siku moja. Hati yake ya madai ilisema tu kwamba nyumba "imeharibiwa". Tulipoulizwa mahkamani imeharibiwa vipi, na kitu gani, tangu lini, tukabaki kutazamana. Picha ya ukuta kabla ya kazi hatuna. Mhandisi hatukumwita. Kesi tukaiondoa wenyewe.

Na majibu yalikuwepo! Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua. Mvua ikinyesha unakunywa maji, jua likitoka unayatoa. Ukiufunika kwa saruji maji yanabaki ndani, chumvi inakula chokaa, na unyevu unakwenda kutulia kwenye tundu la boriti. Fundi yeyote mzee wa Mji Mkongwe atakueleza haya akiwa amekaa barazani. Hakimu hawezi kuyajua mpaka aelezwe, na wa kumweleza ni wakili aliyepanda ngazi akatia mkono mwenyewe kwenye lile tundu.

Nina mpwa wangu London. Anasema huko wapo mawakili ambao kazi yao ni kesi za ujenzi tu, na Mahkama Kuu yao ina kitengo maalumu cha kesi hizo. Kasoro hazielezwi kwa jumla jumla. Zinapangwa kwenye jedwali wanaloliita la Scott: kila ufa na mstari wake, mdai anasema nini, mdaiwa anajibu nini, kutengeneza ni kiasi gani, na safu moja inaachwa tupu ya jaji. Mhandisi anayeitwa kutoa maoni ya kitaalamu wajibu wake wa kwanza ni kwa mahkama, si kwa anayemlipa. Laiti ufa wetu ungepata mstari mmoja wa namna hiyo.

Tena, baada ya jengo la ghorofa la Grenfell, huko huko London, kuungua Juni 2017 na watu 72 kufa, walitunga sheria ya usalama wa majengo mwaka 2022. Kwa nyumba za kuishi zilizomalizwa kabla ya sheria hiyo, muda wa kudai kasoro za ujenzi ukafika miaka 30. Wameelewa kwamba maji yanayoingia leo, dari litashuka watoto wakiwa wazee.

Sisi tuliiona Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani hapa Mji Mkongwe, ikiporomoka Disemba 25, 2020, mchana, mafundi wakiwa kazini, na roho za watu zikapotea. Ikiwa jumba lile limeshuka, nyumba zetu za vichochoroni nani atazisemea?

Nakiomba Chama cha Wanasheria Zanzibar, pamoja na wanaosomesha sheria chuo kikuu pale Tunguu, walee mawakili wachache wa fani hii, wafunzwe kusoma ramani na kukaa na mafundi wa chokaa. Na Mamlaka ya Mji Mkongwe isiruhusu mtu kugusa ukuta wa pamoja mpaka ukuta wa jirani upigwe picha, pande zote mbili zitie saini mbele ya sheha. Karatasi hiyo moja ingetutosha sisi.

Kwa sasa kila Ijumaa nikirudi msikitini naweka alama ya penseli pale ufa ulipofika, na tarehe yake pembeni. Alama ya wiki hii imepita ya wiki iliyopita.

Mkaazi wa Mkunazini,
Unguja