Wazee wa Kipemba wapewe makaratasi waone kwao

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi niseme kitu. Babangu ni Mpemba, mtu wa kisiwa cha Pemba kule Zanzibar, alivuka na jahazi akiwa kijana kuja kuvua samaki Kilifi, baadaye ndo akahamia Nairobi akatuzaa huku, na miaka yote hiyo hana kitambulisho, hawezi kufungua akaunti benki wala kusajili laini ya simu, na kwenda kwao aliogopa manake angerudije? Wazazi wake walizikwa yeye hayuko.

2023 serikali ikawatambua Wapemba kama raia. Mzee akapata kitambulisho, paspoti nayo tukazungushwa afisini miezi mitano, njoo kesho njoo kesho, lakini ikatoka na Desemba tukabeba familia nzima, basi mpaka Dar kupitia Namanga, boti hadi Unguja, boti ingine hadi bandari ya Mkoani, Pemba.

Njia ya kwenda Wete karafuu zimeanikwa kwa majamvi kando ya barabara. Mzee akaomba gari lisimame, akachuchumaa, akachota konzi moja akainusa kimya kwa muda mrefu sana, hakuna mtu aliyemharakisha. Shangazi alimtambua kwa sauti tu, macho hayaoni tena. Alimpapasa uso akasema, "Kaka, umechelewa." Wakalia wote wawili na sisi pia.

Mhariri, kuna wazee bado wanangoja makaratasi na ndugu zao kule wanazidi kuzeeka. Wahusika tafadhalini, hao wahudumieni kwanza.

Msomaji wenu,
Kariobangi, Nairobi